UZI: Risasi kabla haijawa risasi (kuyeyusha chakavu na kusubu goroli za gobore)

#1 Mzee_wa_Kalibu

Wakuu, salaam.

Lugha yetu imetutegea mtego. Risasi ni madini, na risasi hiyohiyo ndiyo inayotoka mtutuni. Waarabu tuliowaazima neno nao mambo yao ni hayohayo. Mtu akiniambia "leo nayeyusha risasi" nashtuka kwanza, ndipo namuuliza ipi. Kwenye uzi huu nikisema risasi nina maana ya madini. Ile ya duara ya gobore naiita goroli, ile ndefu yenye ncha naiita kichwa, na zile punje za bunduki ya ndege ni marisaa. Tukikubaliana hapo tumeokoa kurasa tatu za ubishi.

Mimi ni mlenga shabaha, basi. Gobore langu lina kibali, mtutu wake una mifereji, na huu ni mwaka wa kumi na moja nasubu goroli zangu mwenyewe, yaani nayeyusha risasi na kuimimina igande kwa umbo. Kabla hujanunua hata kijiko, soma sheria ya mahali ulipo. Kuna kwingine mwenye kibali anaruhusiwa kusubu nyumbani, kuna kwingine haruhusiwi. Hilo silirudii.

Kilichonifanya nifungue uzi ni maswali ya inbox. Watu wote wanauliza kalibu, kile chombo cha kuipa goroli umbo: ya aluminiamu au ya chuma, ya tundu moja au mawili. Hakuna anayeuliza kuhusu sufuria. Na goroli mbovu nilizowahi kuziona, zangu na za wenzangu, nyingi ziliharibika kabla hazijafika kwenye kalibu. Ziliharibika siku ile chakavu ilipomwagwa sufuriani bila kuchambuliwa.

Tuanze na chakavu yenyewe. Gobore linataka risasi laini, safi kadiri inavyowezekana. Goroli inavikwa kitambaa chenye mafuta na kushindiliwa kwa mdeki, ile fimbo ya kusukumia mtutuni. Ikiwa ngumu, utapigana na mdeki mpaka kitambaa kichanike. Risasi safi ukucha unaacha alama juu yake, na ukiiangusha kwenye saruji inasema "pu!" kama mfuko wa mchanga. Ikilia "ting!" hiyo ni kitu kingine. Mabomba ya maji ya zamani, karatasi za risasi zilizozibia maungio ya mapaa, ala za kebo za kale, risasi iliyokinga kuta za vyumba vya eksirei: hizo ndizo hazina. Ila bomba likate pale lilipounganishwa, maana kwenye kiungo kuna lehemu, na lehemu ina bati.

Balansi za tairi (vile vizito vya kusawazishia gurudumu) ni habari nyingine. Zile za kubana kwa klipu zilikuwa risasi yenye antimoni (madini ya kuikaza) kiasi cha asilimia 3 hivi, ngumu, nzuri kwa vichwa vya bastola, si kwa goroli. Zile za kubandika kwa gundi nyingi ni risasi karibu tupu. Nimesema "zilikuwa" kwa sababu Ulaya ilizipiga marufuku kwenye magari mapya tangu Julai 2005, na siku hizi ndoo moja ya balansi ina chuma, zinki na risasi vimechanganyika kama mchele na mawe.

Zinki ndiyo adui. Kidogo tu ikiingia, risasi inakuwa uji wa mabonge, haijazi kalibu tena. Bahati nzuri tuna silaha mbili. Ya kwanza ni koleo la kukatia: risasi inang'atika, kwenye zinki meno yanateleza. Nyingi hata zimegongwa herufi Zn au Fe ubavuni, soma kwanza. Ya pili ni kipimajoto. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, zinki kwenye 419. Ukiishikilia sufuria kwenye 350 na ushei, zinki iliyokupita machoni itaelea juu ikiwa nzima, utaichota na kuitupa. Ukikoleza moto kwa haraka zako, zimeshachanganyika, na kuitoa tena ni kazi ya kiwandani.

Nina sufuria mbili na haziguswani. Moja ya chuma kizito, chafu, ya kuyeyushia chakavu. Nyingine ndogo ya kusubia, ambayo haijawahi kuona tope wala rangi wala klipu. Kati ya hizo mbili kuna mikuo: risasi iliyosafishwa namimina kwenye vibati vya keki, nagonga alama juu ya kila kipande imetoka wapi, naweka. Siku ya kusafisha si siku ya kusubu. Anayefanya vyote mchana mmoja ana haraka, na risasi haipendi mtu mwenye haraka.

Kusafisha kwenyewe: ikishayeyuka, klipu na takataka zinaelea kwa sababu karibu kila kitu ni chepesi kuliko risasi (sentimita moja ya ujazo ina gramu 11.34; chuma hakifiki 8). Chota. Kisha tupia konzi ya vumbi la mbao lililokauka, liache liungue liwe mkaa, ndipo ukoroge ukikwangua chini na pembeni. Watu wengi hapa wanakosea. Ule utando wa kijivu unaorudi kila mara si uchafu. Ni madini yaliyoshikwa na hewa, na kama mchanganyiko wako una bati basi bati liko humo. Mkaa unanyang'anya hewa ile na kuyarudisha madini sufuriani. Ukiuchota utando kila ukiuona, unatupa bati lako kijiko kwa kijiko, halafu unakuja hapa kuuliza kwa nini kalibu haijai. Unachotakiwa kuchota ni unga mkavu unaobaki baada ya kukoroga.

Na maji. Tone la maji likizama chini ya risasi iliyoyeyuka linageuka mvuke mara elfu na mia saba ya ujazo wake, papo hapo. Risasi yote iliyo juu yake inarukia dari, na wewe ukiwa umeinama. Ndiyo maana chakavu inaanza na sufuria baridi, vinapanda joto pamoja. Kuongeza kipande baridi kwenye sufuria inayochemka, hapana. Upawa nao upashe moto kwanza ukingoni. Miwani, glavu za ngozi, viatu vya kufunika, mikono mirefu. Kandambili kaa nazo sebuleni.

Karibuni.

#2 Mlengaji_Kimya

Naweka kambi hapa. Mkuu, hiyo ya utando imeniuma. Miaka mitatu nachota bati langu na kulitupa na majivu.

#3 Fundi_Chaji

Uzi mzuri ila mwanzisha uzi umeruka chanzo kikubwa kuliko vyote: betri za gari. Moja ina kilo kibao za risasi. Unapasua, unamwaga asidi, unaosha sahani, unayeyusha. Vijana wanahangaika na balansi za kuokota wakati mali imejaa kwenye magereji.

#4 Mzee_wa_Kalibu

> betri za gari

Sikuiruka, niliiogopa. Fundi, usifanye, na usimfundishe mtu.

Sahani za betri si risasi tupu. Sehemu kubwa ni unga wa oksidi na salfeti, ndio unaoingia mapafuni. Vyuma vyake vinatiwa antimoni, vingine arseniki, na za siku hizi kalsiamu. Taka zake zikibaki na kalsiamu kisha zikapata unyevu, zinaweza kutoa gesi ya arseniki na ya antimoni. Gesi hizo haziunguzi pua uzikimbie, zinaua. Na risasi utakayopata ni kiduchu kuliko uzito ulioubeba, nayo ni chafu.

Kama unadhani nazidisha chumvi: Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar, watu walikuwa wakichekecha mchanga wenye mabaki ya betri ili wapate risasi ya kuuza. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18. Waliuawa na vumbi. Betri mbovu ipeleke kwa wanaozikusanya, wana tanuri na vichujio.

#5 Fundi_Chaji

Sawa mkuu, ila babu yangu aliyeyusha za betri maisha yake yote na alikufa mzee.

#6 Zamu_ya_Usiku

Nafanya kazi maabara ya hospitali, nasubu chubwi za kuvulia samaki na goroli kidogo. Babu wa Fundi simsemi, sikumpima damu. Lakini naomba nirekebishe kitu ambacho kila mtu hapa anakiamini: kwamba hatari ni moshi.

Kwenye joto la kusubu, nyuzi 350 hadi 400, risasi inatoa mvuke kidogo sana. Moshi mnaouona ni wa nta, mafuta na vumbi la mbao. Unakera, ndiyo, kaeni nje upepo ukiwa mgongoni au ubavuni. Lakini risasi inaingia mwilini kwa mlango mwingine: ule unga wa kijivu mliouchota. Ni mwepesi, unapeperuka, unakaa kwenye vidole, ukingoni mwa kikombe, kwenye sigara, kwenye ndevu. Mtu amevaa barakoa saa mbili, anaivua, anashika mkate.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Mtu akifika mikrogramu 5 kwa desilita wanataka chanzo kitafutwe na kiondolewe. Marekani kwa watoto wameshusha kipimo cha kumwangalia mtoto kwa jicho la pekee hadi 3.5 tangu 2021. Mtoto akimeza risasi, mwili wake unafyonza mara nne au tano ya mtu mzima. Kwa hiyo nguo za kazi hazifuliwi na nguo za mtoto, na viatu vya kazi havivuki kizingiti.

Damu inajisafisha nusu kwa mwezi hivi. Mifupa inaiweka miongo. Kapimeni kabla hamjaanza, mjue mlipoanzia.

#7 Mzee_wa_Kalibu

Dada/kaka wa maabara, asante. Niseme yangu, nilikuwa nimeyaficha.

Mwaka wa nne wa kazi hii nilipima, nikakuta 21. Nilikuwa na feni, barakoa, napikia nje kama mtu wa hekima. Nilimlaumu moshi. Kumbe kila nikimaliza nilikuwa nafagia sakafu ya kibanda kwa ufagio mkavu, mlango umefungwa kwa sababu ya kuku. Nafagia, navuta, nafagia, navuta. Na unga wa kijivu nilikuwa naumwaga kwenye ndoo wazi kutoka juu, "fuu!", wingu zima usoni.

Sasa napangusa kwa kitambaa kibichi, unga unaenda kwenye kopo lenye mfuniko mara tu unapopoa, na shati la kazi lina ndoo yake. Sikubadilisha kingine chochote. Baada ya miezi minane nilikuwa kwenye 8.

#8 Goroli_Mpya

Shikamoo wakuu. Mimi ni mgeni kabisa, kibali nimepata mwaka huu. Nimesubu mara ya kwanza wiki iliyopita na nimeaibika. Kalibu ni ya aluminiamu, goroli ya milimita 12.4. Goroli ishirini za kwanza zina makunyanzi kama zabibu kavu. Baadaye zikawa nzuri, zinang'aa kabisa, nikafurahi. Lakini kwenye mtutu hazishuki, mdeki umenichubua kiganja. Na nikizipima zina gramu 10.9 hadi 11. Kikaratasi cha kalibu hakisemi uzito. Tatizo ni kalibu?

#9 Mzee_wa_Kalibu

Marahaba mwanangu. Kalibu yako haina kosa, iache.

Makunyanzi ni baridi au mafuta. Kalibu mpya inatoka kiwandani imepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Ioshe kwa maji moto na sabuni, ikauke kabisa, halafu ipashe kwa kuilaza juu ya ukingo wa sufuria. Wengine tunapitisha mwali wa kiberiti ndani ya tundu lipate masizi membamba, risasi iteleze. Na usizihurumie goroli kumi na tano za kwanza, kazi yake ni kupasha kalibu. Zirudishe sufuriani. Ikiwa moto kupita kiasi goroli zinatoka na ukungu mweupe kama barafu; hazina ubaya, ila punguza mwendo. Na kibamba cha juu, pale unapomiminia, usikisukume kukata risasi iliyozidi mpaka uone risasi ya mdomoni imefifia mng'ao na kuganda. Ukikata mapema inapaka utelezi wa risasi chini ya kibamba, na hapo ndipo kalibu nyingi zinapokufa.

Sasa uzito. Huhitaji kikaratasi, piga hesabu. Duara la milimita 12.4 lina ujazo wa karibu sentimita moja kamili. Zidisha kwa 11.34, unapata gramu 11.3. Zako ni 10.9 hadi 11. Zimepungua, lakini angalia zilivyopungua: zote pamoja, kwa kiasi kilekile. Goroli yenye shimo ndani inapungua peke yake, moja 11.2, nyingine 10.5, nyingine 11.3. Zikipungua kwa mstari mmoja kama askari kwenye gwaride, basi ni madini yenyewe yaliyo mepesi. Antimoni na bati ni nyepesi kuliko risasi. Unganisha hilo na kung'aa na mdeki uliokuchubua.

Swali langu: uliyeyusha nini?

#10 Goroli_Mpya

Balansi za klipu. Nilipewa ndoo na jirani. Lakini zinki nilichambua zote kwa koleo, naapa!

#11 Mzee_wa_Kalibu

Nimekuamini, ungekuwa na zinki usingepata goroli za kung'aa. Ni antimoni tu. Ziweke, kuna mtu wa bastola atazililia. Tafuta bomba la zamani au karatasi ya paa.

#12 Tuta_la_Nyuma

Nyongeza kwa wanaookota kwenye uwanja wa shabaha. Risasi ya tuta (ule udongo wa nyuma ya shabaha) ni nzuri, wengi wetu tunaishi kwayo, lakini ina wageni wawili.

Mgeni wa kwanza ni vichwa vyenye koti la shaba. Vingine vimejifunga kabisa na ndani vimenyonya maji ya mvua. Hata ukivianika wiki nzima juani, maji yamo. Mimi navitia kwenye sufuria baridi, nafunika mfuniko mzito, nawasha moto mdogo na kwenda kukaa mbali. Vinapasuka kama bisi, mfuniko unaruka kidogo, basi. Koti zinaelea, nazichota.

Mgeni wa pili ni risasi nzima, yenye ganda na baruti yake, iliyoangushwa na mtu mzembe ikafukiwa na tope. Moja tu kwenye ndoo ya kilo ishirini. Ninachekecha kwa maji, kisha napitisha kila kipande mkononi, kimoja kimoja. Mara mbili nimezikuta. Kuna mwenzetu uwanjani kwetu hakuchambua, sufuria ikamlipukia, shavu lake la kushoto mpaka leo lina madoa ya fedha.

#13 Mlengaji_Kimya

Nje ya mada kidogo. Mzee ametaja hesabu ya uzito nikakumbuka kitu ambacho wenye bunduki za marisaa wengi hawakijui. Geji 12 maana yake ni goroli 12 za risasi, za upana wa mtutu ule, zinatimiza ratili moja. Ratili ni gramu 453.6, gawa kwa 12 unapata 37.8, na goroli ya uzito huo ina upana wa milimita 18.5. Ndiyo maana geji 20 ni mtutu mwembamba kuliko geji 12. Namba ikikua, tundu linasinyaa. Nimeshinda soda mbili kwa swali hili.

#14 Fundi_Chaji

Hiyo nimeipenda. Na marisaa yenyewe nayo mnayasubu kwa kalibu? Punje elfu kwa kalibu mtu atazeeka.

#15 Mlengaji_Kimya

Hapana, yanadondoshwa. Fundi bomba mmoja wa Bristol, Uingereza, William Watts, alipata hataza (haki ya mvumbuzi) ya mbinu hiyo mwaka 1782: risasi iliyotiwa arseniki kidogo inamiminwa juu ya chujio, matone yanaanguka kutoka juu, yanajiviringa hewani, yanatua majini yameshaganda. Arseniki ndiyo inayofanya tone liwe duara badala ya mkia wa mjusi. Nyumba yake mwenyewe aliijengea mnara juu na kuchimba chini apate kimo. Majirani sijui walisemaje.

#16 Zamu_ya_Usiku

Na tafadhali asitokee mtu wa kutia arseniki sufuriani baada ya kusoma hapo juu.

#17 Fundi_Chaji

Nimekaa kimya siku mbili nawasoma. Betri nne nilizokuwa nimezipanga nimezirudisha kwa wakusanyaji, asidi yake ndani. Kupima damu nitaenda. Nina mtoto wa miaka miwili na kibanda changu kiko hatua tano kutoka mlangoni.

#18 Zamu_ya_Usiku

Mpeleke na yeye, mkuu. Wewe unaweza kusubiri wiki, yeye mpeleke kesho.

#19 Goroli_Mpya

Wakuu, nimerudi. Nimepata mita mbili za bomba la zamani, maungio nimeyakata yote. Jumamosi nimesafisha, jana nimesubu. Kalibu niliosha, nikaipasha, kumi na tano za kwanza nikazirudisha bila huruma.

Nimebaki na goroli ishirini. Kumi na tisa ziko kati ya 11.2 na 11.4. Moja ina 10.6. Nikaikata kwa msumeno: chini kidogo ya mdomo kuna shimo la ukubwa wa punje ya mtama. Kwenye mtutu mdeki unashuka kwa mkono mmoja.

#20 Mzee_wa_Kalibu

Hilo shimo ni kwa sababu hukuacha kibonge cha kutosha juu ya kibamba. Risasi ikiganda inasinyaa, inatafuta pa kunywa, ikikosa inajinywa yenyewe. Mimina mpaka kibonge kiwe kama kifungo cha koti.

Na ule unga wa msumeno umeufanya nini? Na ulinawa kabla ya kushika simu?

#21 Goroli_Mpya

Kunawa nilinawa mpaka viwiko. Unga wa msumeno... naenda kutafuta kitambaa kibichi.